Kupanga gridi ya umeme na gesi ya Uganda ili kaboni ipungue: mwongozo kamili

Mpangaji wa Uingereza au Ujerumani anapoagizwa kuondoa kaboni katika mitandao ya nishati, kazi yake inajulikana: afunge mitambo inayochoma makaa ya mawe au gesi, kisha aamue mabomba ya gesi yaliyokwisha kufika mamilioni ya nyumba yatafanywa nini. Mpangaji wa Uganda akiufuata mfano huo neno kwa neno atapoteza muda, kwa kuwa hapa hakuna mtambo wa makaa ya mawe wa kufunga, mitaa haina mabomba ya gesi, na sehemu kubwa ya umeme wa gridi hutokana na maji ya Mto Nile. Kaboni yetu iko kwenye sigiri na mafiga, iko kwenye matangi ya bodaboda na malori, na iko katika miti inayokatwa Acholi na Nakasongola ili Kampala ipate mkaa. Kwa hiyo mpango unaotufaa ni ule unaohamisha mapishi, usafiri na viwanda kuja kwenye gridi iliyo safi tayari, unaoizuia gridi hiyo isichafuke inapokua, na unaoipa gesi kazi chache zenye ukomo unaojulikana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ofisa wa nishati wa wilaya au manispaa, mhandisi kijana aliyeingia katika kampuni ya umeme, na diwani anayetaka kuelewa kile anachoombwa kupitisha. Hesabu zake karibu zote zinafanyika kwa karatasi na kikokotoo. Programu kubwa za kompyuta zina nafasi yake baadaye, lakini mtu asiyeweza kukadiria jibu kwa mkono hawezi kutambua kompyuta inapomdanganya.

Hatua ya kwanza: andika mizania ya nishati yote, usianze na umeme peke yake

Chukua mwaka mmoja uliokamilika na uorodheshe kila kinachochomwa au kutumiwa katika eneo lako: kuni, mkaa, mabaki ya mazao, petroli, dizeli, mafuta ya taa, gesi ya mitungi, umeme wa gridi na umeme wa sola wa nyumbani. Vyote vigeuze viwe katika kipimo kimoja. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina karibu kilowati-saa 13, lita ya dizeli ina kama 10, lita ya petroli ina kama 9, kilo ya mkaa ina kama 8, na kilo ya kuni kavu ina kama 4. Kilowati-saa moja ndiyo ile tunayoiita uniti tunaponunua yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo mizania yote inaweza kusomwa hata na mtu ambaye hakusoma uhandisi.

Ukimaliza utaona jambo ambalo taarifa za umeme pekee hulificha. Kitaifa, nishati ya mimea, yaani kuni, mkaa na mabaki ya mazao, huchukua karibu sehemu tisa za kumi za nishati yote inayotumika, na umeme ni kipande chembamba. Ofisa anayeanza na takwimu za umeme atajadili hicho kipande chembamba mpaka bajeti iishe.

Kisha ongeza safu mbili. Ya kwanza ni ya hewa ukaa: lita ya petroli hutoa kilo 2.3, lita ya dizeli kilo 2.7, na kilo ya gesi ya mitungi kama kilo 3. Kwa mkaa usihesabu moshi wa sigiri peke yake, bali rudi nyuma hadi kwenye tanuru la udongo kule porini, ambako kilo tano hadi kumi za kuni huteketea ili kupatikana kilo moja ya mkaa. Safu ya pili ni ya joto linalofika chunguni hasa, kwa sababu sigiri ya kawaida hufikisha robo ya joto lake au pungufu, ilhali jiko la gesi hufikisha nusu au zaidi, na sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke uliofungiwa hufikisha sehemu kubwa zaidi ya hapo. Safu hii ndiyo itakayokuonyesha kwa nini kuhamisha mapishi kwenda kwenye umeme hakuhitaji umeme mwingi kama watu wanavyohofia.

Hatua ya pili: kadiria mahitaji kuanzia jikoni

Njia ya zamani ya kukadiria mahitaji ni kuchukua ukuaji wa miaka iliyopita na kuuendeleza kwa mstari kwenda mbele. Njia hiyo haifai pale ambapo tunakusudia kubadili tabia yenyewe ya matumizi. Badala yake jenga makadirio kutoka chini, kazi kwa kazi: mapishi ya nyumbani, mapishi ya shule na hospitali, bodaboda, viwanda, pampu za maji. Kwa kila kazi tafuta majibu ya maswali mawili tofauti, yaani uniti ngapi zitatumika kwa mwaka, na kilowati ngapi zitahitajika kwa wakati mmoja saa ya kilele. Watu wengi huyachanganya maswali haya, na kuchanganya huko ndiko kunakozaa mipango mibovu.

Tuchukue mfano wa mapishi. Tuseme nyumba milioni moja zinahamia kwenye umeme, kila moja ikitumia uniti 60 kwa mwezi kwa kupika. Kwa mwaka hizo ni uniti milioni 720, ambazo zikisambazwa sawasawa katika saa zote ni wastani wa megawati 82 tu. Lakini hakuna apikaye posho saa tisa usiku. Ikiwa kila nyumba ina chombo cha kilowati moja, na robo ya nyumba hizo zimewasha kwa pamoja kati ya saa moja na saa tatu usiku, mzigo wa saa hiyo ni megawati 250, ambao ni uwezo wa bwawa zima la Bujagali. Mpangaji aliyeangalia wastani atasema hakuna tatizo, na mpangaji aliyeangalia kilele akidhani nyumba zote zitawasha dakika ile ile atasema haiwezekani. Ukweli uko katika ile robo, na robo hiyo haipatikani ofisini. Nenda kwenye mitaa mitatu au minne yenye maisha tofauti, omba ruhusa, funga mita za kumbukumbu kwa mwezi mzima, na uulize mama mwenye nyumba anaanza kuchemsha maharage saa ngapi na matoke saa ngapi. Mara nyingi utakuta maharage huchemshwa mchana, jambo linaloipa gridi nafuu kubwa, na ni habari ambayo haimo katika jedwali lolote.

Shule za bweni zinastahili ukurasa wao wenyewe katika mpango wako. Shule moja yenye wanafunzi mia kadhaa huteketeza malori ya kuni kila muhula, inapika kwa saa zinazojulikana, ina msimamizi mmoja wa kuzungumza naye, na ina bajeti ya kuni inayoweza kugeuzwa kuwa malipo ya umeme au gesi. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo tani moja ya kaboni inaokolewa kwa mikutano michache kuliko hapo. Anza nazo.

Kwa bodaboda, fanya hesabu ya namna hii. Pikipiki ya umeme inayokwenda kilomita 100 kwa siku hutumia kama uniti 4. Pikipiki 100,000 zitahitaji uniti 400,000 kwa siku. Betri zote zikichajiwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mzigo ni megawati 67 katika saa ambazo mitambo ya Nile ina nafasi tele. Zikichajiwa jioni madereva wanaporudi kula, megawati hizo hizo zinaangukia juu ya kilele cha mapishi. Vituo vya kubadilishia betri ndivyo vinavyoweza kupangwa saa, kwa hiyo katika masharti ya leseni zao andika saa za kuchaji.

Andika makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kwa kila moja taja kisa kinacholiongoza, kwa mfano kasi ya watu kununua majiko, au kufunguliwa kwa viwanda vipya katika maeneo ya Namanve, Kapeeka na Mbale. Makadirio yasiyo na kisa hayawezi kusahihishwa baadaye, kwa sababu hakuna ajuaye kilichokosewa.

Hatua ya tatu: kagua nyaya kuanzia kwenye transfoma kwenda juu

Uganda ina uwezo wa kuzalisha umeme unaozidi kidogo megawati 2,000, wakati mahitaji ya kilele yamekuwa yakizunguka megawati 1,000. Mtu akisikia hivyo hudhani kazi imekwisha. Lakini mwenye nyumba Kyebando au Masaka hasikii chochote kuhusu ziada hiyo umeme wake unapofifia saa mbili usiku, kwa sababu kikwazo kiko kwenye transfoma ya mtaa wake na kwenye njia ya kilovolti 11 au 33 inayoilisha.

Chukua transfoma ya kVA 100 (kipimo cha ukubwa wa transfoma) inayolisha nyumba 200. Ukitoa ile nguvu isiyofanya kazi inayovutwa na mota na vifaa vibovu, hubaki kama kilowati 90 zinazotumika. Nyumba hizo zikiwa na taa, redio na televisheni tu, kila moja huchangia kama kilowati 0.3 saa ya kilele, yaani jumla kilowati 60, na transfoma iko salama. Nyumba 60 zikinunua sufuria za umeme za kilowati moja, na theluthi pungufu kidogo, tuseme asilimia 30, zikiwashwa pamoja, zinaongezeka kilowati 18 na jumla ni 78, bado salama ingawa joto la mafuta ya transfoma limeanza kupanda. Nyumba zikifika 140 zinaongezeka kilowati 42, jumla ni 102, na transfoma hiyo itaungua siku isiyo mbali. Kisha mtaa wote utarudi kwenye mkaa na kuusimulia mtaa wa pili, na kampeni ya mwaka mzima itakuwa imepotea kwa kukosa kifaa kimoja. Nimewahi kusoma mpango wa mji mmoja uliogawa majiko ya umeme bila kutaja transfoma hata mara moja, na matokeo yake yalikuwa haya haya.

Kwa hiyo tengeneza daftari la transfoma. Kila moja iwe na namba, mahali, ukubwa, idadi ya wateja, mzigo wa juu uliopimwa, na tarehe ya kupimwa. Iliyovuka asilimia 80 ya uwezo wake iwekewe alama nyekundu, na isiongezewe wateja wa kupikia mpaka iimarishwe. Kisha panda juu: njia ya kilovolti 11, kituo cha kupoza umeme, njia ya kilovolti 33, halafu njia kubwa za usafirishaji. Katika kila ngazi jiulize swali moja la wahandisi wa gridi: kifaa kimoja kikubwa kikiharibika, kilichobaki kinaweza kubeba mzigo wote? Jibu likiwa hapana, ponya hapo kabla ya kuongeza mzigo mpya.

Upotevu nao ni sehemu ya kazi hii. Mwaka 2005, usambazaji ulipokabidhiwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme, karibu asilimia 38 ya umeme ulionunuliwa kwa ajili ya wateja ilikuwa ikipotea njiani, na kwa miaka iliyofuata upotevu huo ulishushwa hadi chini ya nusu ya kiwango hicho. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 kazi hiyo iko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Upotevu uliobaki ni wa aina mbili ambazo dawa zake hazifanani: wa kiufundi, unaotokana na nyaya nyembamba na ndefu mno, na wa wizi, ambao mara nyingi huanza kwa mafundi wasio na leseni, wale ambao mitaani huitwa kamyufu. Unapopunguza wizi unapunguza pia mzigo ambao haukuwa umeonekana katika makadirio yako, kwa hiyo hesabu ya hatua ya pili irudiwe baada ya kila msako.

Hatua ya nne: upime mto, kisha usiutegemee peke yake

Nalubaale ina megawati 180, Kiira 200, Bujagali 250, Isimba 183 na Karuma 600. Jumla ni megawati 1,413, na zote ziko juu ya mto mmoja unaotoka katika ziwa moja. Tone la maji linalopita Jinja hugeuza mitambo ya mabwawa haya kwa zamu hadi Karuma. Huo ni utajiri mkubwa, na ni hatari moja iliyogawanywa kwa majina matano.

Mwaka 2005 na 2006 usawa wa Ziwa Victoria ulishuka sana, umeme ukagawiwa kwa zamu, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli kwa gharama iliyoumiza hazina na wateja. Gridi iliyokuwa safi ikachafuka ndani ya miezi michache, kwa kuwa hapakuwa na mpango wa mwaka mkavu. Na tarehe 14 Aprili 2020, wakati ziwa lilipokuwa limejaa kupita kiasi, kisiwa kinachoelea cha mimea kiliziba mitambo ya Jinja na nchi ikakosa umeme. Mto unaweza kukuangusha kwa uhaba na kwa wingi vilevile.

Fanya jaribio la mwaka mkavu hivi. Punguza uzalishaji wa mabwawa yote matano kwa theluthi moja kwa miezi kumi na miwili mfululizo, kwa pamoja, usipunguze bwawa moja na kuyaacha mengine. Linganisha kinachobaki na makadirio yako ya kati. Pengo linalojitokeza liandikie mpango wa kulijaza usiohusu majenereta ya kukodi. Nyenzo zipo. Umeme wa jua tunao tangu mtambo wa Soroti wa megawati 10 ulipoanza mwaka 2016, ukafuatwa na ule wa Tororo na ule wa Kabulasoke wa megawati 20, na miaka mikavu kwa kawaida ndiyo yenye jua jingi. Viwanda vya sukari kama Kakira huzalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa na kuuza ziada kwenye gridi. Mitambo midogo ya mito ya Rwenzori, kama Bugoye wa megawati 13, hulishwa na milima ambayo haifuati sana hali ya Ziwa Victoria. Mvuke wa ardhini wa Katwe, Buranga, Kibiro na Panyimur bado haujazalisha hata uniti moja, kwa hiyo uweke katika makadirio ya muda mrefu tu.

Megawati 100 za jua zitakupa kama uniti milioni 150 kwa mwaka, zote mchana. Thamani yake kwa gridi yetu hukua zikifungwa pamoja na maji: jua linapowaka, bwawa kama Bujagali linaweza kuzuia maji kwa saa chache na kuyatoa jioni. Ni saa chache tu, kwa maana mabwawa yaliyo chini ya Jinja hayana ghala kubwa la maji, na kiasi kinachotoka ziwani kina utaratibu wake unaofungamana na usawa wa ziwa, utaratibu unaotuhusu sisi na nchi zilizo chini ya mto. Ahadi ya kuweka akiba ya maji ya miezi kwa nguvu ya jua isikubaliwe bila hesabu hiyo kuonyeshwa.

Neno moja kuhusu mikataba. Mitambo mingine hulipwa hata umeme wake usipochukuliwa, kwa sharti la kuhesabu kuwa umezalishwa. Mtambo unaokamilika kabla ya njia zake na wateja wake hugeuka kuwa deni linaloingia katika bei ya kila uniti, na bei kubwa humrudisha mpishi kwenye mkaa. Kwa hiyo kila mkataba wa uzalishaji usainiwe pamoja na ratiba ya nyaya, na malipo yaanze pale nyaya zinapoweza kupokea.

Hatua ya tano: ipe gesi kazi chache zenye mwisho

Kwanza ondoa mkanganyiko ambao nimeukuta hata katika mikutano rasmi. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, ni la mafuta ghafi, tena mafuta mazito yenye nta ambayo lazima yapashwe joto njia nzima ili yasigande. Halibebi gesi. Gesi ya Uganda ni habari nyingine, na inafaa ipangwe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gesi inayotoka kisimani pamoja na mafuta huko Tilenga na Kingfisher. Sheria ya petroli ya mwaka 2013 inakataza kuichoma ovyo hewani isipokuwa kwa ruhusa katika hali maalumu. Kazi yake ni kuendesha mitambo ya hapo hapo na kutoa gesi ya mitungi kwa soko la ndani. Kinachobaki kwa mpangaji ni kudai vipimo vya uvujaji, kwa kuwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja bila kuungua hunasa joto duniani kwa kiasi kinachozidi mara 80 ya hewa ukaa katika miaka 20 ya kwanza. Uvujaji wa asilimia chache unaweza kula faida yote iliyodaiwa.

Fungu la pili ni mitungi yenyewe, ambayo sasa huingizwa kutoka nje kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Nyumba inayotumia mtungi wa kilo 6 kwa mwezi huchoma kilo 72 kwa mwaka na kutoa kama kilo 216 za hewa ukaa. Nyumba milioni moja ni tani 216,000. Si haba, lakini ukilinganisha na miti inayoteketea kwa ajili ya mkaa wa nyumba hizo hizo, ni hatua ya kwenda mbele, na zaidi ni nafuu kwa mapafu ya mama na mtoto. Ninaikubali mitungi kama daraja kwa nyumba ambazo transfoma yao ina alama nyekundu, na kwa mjini ambako umeme ukikatika chakula kisilale nusu kibichi. Katika majengo ya ghorofa na shuleni ruhusu matangi ya pamoja yenye mabomba mafupi, ukisimamia usalama: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, kwa hiyo matundu ya hewa yawe karibu na sakafu, na tangi lisikae karibu na mtaro wala chumba kilicho chini ya ardhi. Usiruhusu mabomba ya mtaa mzima. Mtungi ukipitwa na wakati huondolewa kwa mkono, lakini bomba lililozikwa hudai wateja kwa miaka 40.

Fungu la tatu ni gesi asilia kutoka Tanzania, ambako Songo Songo imekuwa ikizalisha tangu 2004. Mazungumzo ya bomba la kuileta Uganda yapo, na sababu inayotajwa zaidi ni viwanda, hasa kuyeyusha chuma cha kusini-magharibi mwa nchi. Kabla ya kuunga mkono, mpe mtetezi wake maswali manne na umtake ayajibu kwa maandishi. Ni viwanda vipi, kwa majina, vitakavyosaini kununua? Joto wanalotaka haliwezi kupatikana kwa umeme? Bomba litalipwa kwa miaka mingapi, na miaka hiyo inaishia kabla au baada ya lengo la taifa la kupunguza kaboni? Na je, mkataba una sharti la kulipia gesi hata isipotumika? Swali la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tumekwisha kuonja malipo ya umeme usiotumika, na hakuna sababu ya kuonja tena kwa gesi. Kama gesi italetwa kwa ajili ya mtambo wa umeme wa kuokoa mwaka mkavu, ilinganishwe na hatua inayofuata, ambayo mara nyingi ni nafuu zaidi.

Hatua ya sita: hesabu majirani

Uganda imeunganishwa na Kenya kupitia Tororo, pia na Rwanda kupitia Mirama, na imekuwa ikiuza umeme Kagera nchini Tanzania kupitia Mutukula. Kenya ina mvuke wa ardhini wa Olkaria ambao haujali mvua, nayo imeunganishwa na Ethiopia kwa njia ya kilovolti 500 inayofika Suswa, kutoka nchi ambayo mvua zake hazifuatani na zetu. Katika jaribio la mwaka mkavu, weka megawati unazoweza kununua kupitia Tororo, ukizingatia uwezo halisi wa njia na kwamba ukame unaweza kuwabana majirani pia. Mikataba ya kusaidiana wakati wa dhiki isainiwe wakati wa neema, tukiwa wauzaji.

Hatua ya saba: pima bei kwa jicho la mpishi

Katika muundo wa bei ambao ERA, mamlaka inayodhibiti sekta ya umeme, ilianza kuutumia mapema katika muongo huu, nyumba hupata uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei nafuu, kisha hulipa bei ya kawaida hadi uniti 80, na kati ya uniti 81 na 150 hulipa bei ya kupikia, ambayo ilianza kwa shilingi 412 kwa uniti. Wazo ni jema, na ninawashukuru waliolipigania. Lakini lijaribu kwa nyumba ya kawaida. Nyumba inayotumia uniti 30 kwa taa na vifaa vingine, na 60 kwa kupika, jumla 90, hulipa bei ya kupikia kwa uniti 10 tu. Uniti nyingine 50 za mapishi zimelipiwa kwa bei ya kawaida. Wanaofaidi zaidi ni wale waliokuwa wakitumia umeme mwingi tangu mwanzo.

Hali ni ngumu zaidi katika vyumba vya kupanga ambavyo Kampala huviita mizigo, ambako wapangaji watano au sita hutumia mita moja. Uniti 15 za bei nafuu huisha siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, na mwenye nyumba huweka bei yake mwenyewe. Kwa hiyo pendekezo lako kwa ERA liwe na mambo mawili: kila kaya ipate mita yake, na bei ya kupikia ianze mapema zaidi, au ifungamane na saa. Wateja wakubwa tayari wana bei za saa, zilizo juu kati ya saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, na za chini baada ya hapo hadi asubuhi. Maharage ya mchana na betri za usiku vinastahili upendeleo huo huo.

Hatua ya nane: panga ratiba kwa kuanzia na ardhi

Transfoma hubadilishwa ndani ya miezi. Kituo cha kupoza umeme huchukua miaka miwili au mitatu, njia ndefu zaidi ya hapo, na bwawa la Karuma lilianza kujengwa 2013 na kuzinduliwa rasmi Septemba 2024. Kwa hiyo fedha za miaka miwili ya kwanza zielekezwe kwenye transfoma, nyaya za mitaani, mita na shule za bweni, kwani hayo hayana majuto hata makadirio ya chini yakitimia.

Kwa njia kubwa, kinachochelewesha kwa kawaida ni fidia ya ardhi. Katika maeneo ya mailo kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima juu ya ardhi hiyo hiyo, nao wote wawili wana haki, na kaskazini ardhi nyingi ni ya ukoo na mara nyingi haina hati. Tathmini ifanywe mapema, orodha ibandikwe hadharani kijijini kwa lugha ya wenyeji, malipo yatangulie nguzo, na anayehamishwa kwa ajili ya njia ya umeme apewe umeme. Ni jambo la kuumiza kuona nyaya za kilovolti mia kadhaa zikipita juu ya nyumba zinazowasha tadooba, yaani vibatari vya mafuta ya taa.

Hatua ya tisa: fuatilia kila robo mwaka

Bei ya umeme hupitiwa kila miezi mitatu, na mpango wako upitiwe kwa mzunguko huo huo. Vipimo vitano vinatosha wilayani: mzigo wa kilele wa kila njia ya kilovolti 11, saa za umeme kukatika, asilimia ya upotevu, bei ya gunia la mkaa katika masoko matatu yale yale, na idadi ya shule zilizoacha kuni. Bei ya mkaa ikipanda huku mauzo ya umeme wa nyumbani yakibaki pale pale, watu wanabanwa bila kuwa na pa kuhamia, na kosa litafutwe katika hatua ya tatu au ya saba kabla ya kulaumu tabia za wapishi. Lengo la taifa, lililowasilishwa mwaka 2022, ni kupunguza gesi joto kwa asilimia 24.7 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kuendelea kama kawaida, kwa hiyo taarifa ya mwaka ioneshe tani zilizookolewa karibu na shilingi zilizotumika, mstari kwa mstari. Na transfoma yoyote yenye alama nyekundu kwa robo mbili mfululizo iingie moja kwa moja katika bajeti inayofuata, ikiwa na namba yake, jina la mtaa, na idadi ya nyumba zinazosubiri kupika.